Uvimbe Usiopitisha Mwanga

Mtu akikuambia hajawahi kuiogopa sindano aliyoishika kwa mkono wake mwenyewe, usimpe mgonjwa. Mimi niliishika miaka thelathini na kitu hapa Kisangani, na hadi leo nikisinzia kitini baada ya chakula, naiota. Mke wangu hunigusa bega na kuniambia, "Papa Alimasi, pensheni umekwisha kupata, wacha kazi." Naamka, nakuta nimekunja vidole.

Ninawaandikia ninyi vijana wa uuguzi, hasa mnaoanza na mashine za ekografi, mnaopaka mafuta baridi, mnatazama kioo, mnaona kila kitu. Siwaonei wivu. Kwa kweli nawaonea kidogo. Sisi tulikuwa na vidole, masikio na taa ya mkononi, na kazi yangu mimi ilikuwa ile ambayo wenzangu waliikimbia: kila Alhamisi nilikuwa natoa maji kwenye mabusha. Wanaume walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mitumbwi kutoka Yanonge, wakajipanga kwenye benchi la ukumbi wakiwa wamefunika magoti kwa kofia. Ukimwuliza mmoja anaumwa nini, anasema kichwa. Wa pili kichwa. Benchi zima linaumwa kichwa. Nilizoea. Nilikuwa nasema, "Bon, wenye kichwa waingie mmoja mmoja," nao wanaingia.

Mtaani walinipa jina kwa sababu ya kazi hiyo. Sitaliandika, maana wajukuu zangu wanajua kusoma.

Aliyenifundisha alikuwa Docteur Bolamba, mpasuaji wetu, mtu mfupi, mkali, mwenye kutembea haraka hata akienda msalani. Somo la kwanza alilonipa lilikuwa la mayai. Alituma yaletwe mayai kumi sokoni, akatuingiza wanafunzi wanne kwenye chumba cha giza, akaweka taa nyuma ya kila yai. Yai zima linawaka jekundu, yai lenye kifaranga linazuia mwanga. "Busha ya maji itawaka," alisema. "Utumbo ulioshuka hautawaka. Na kama kuna kitu kingine kisichowaka, weka sindano chini uniite." Kisha akayakaanga yale mazima akayala mbele yetu, akatuachia yenye vifaranga.

Basi utaratibu wetu ulikuwa hivi. Mgonjwa analala, unamwambia akohoe: ngiri inasukuma mkono wako, busha haisukumi. Unaweka sikio la mpira, kile kipimo cha kusikilizia: utumbo hunguruma. Halafu unafunga dirisha kwa kitambaa, chumba kinakuwa cheusi, unaweka taa nyuma ya uvimbe na unatazama kupitia karatasi ngumu uliyoikunja kama mrija. Ukiwaka, ndipo unachoma trokari, yaani sindano nene yenye mrija, na maji ya njano yanashuka kwenye beseni. Bila giza, taa haikuambii kitu. Jua la Kisangani likiwa dirishani, unaweza kujidanganya kwamba hata jiwe linawaka. Naomba mkumbuke hilo, maana yote yaliyonipata yalianzia pale.

Kitambaa chetu cheusi kilichakaa. Panya walikitafuna na stoo haikuwa na kingine. Mke wangu alikuwa na kitenge kizito cha Chama, kile cha sherehe, chenye picha ya Guide, Rais wetu wa wakati ule, katikati, kimechujuka rangi pembeni. Miaka ile ya abakosti, lile koti lisilo na tai tulilolazimishwa kuvaa, kila nyumba ilikuwa nacho. Nikakipeleka kazini, nikakipigilia misumari miwili juu ya dirisha. Giza lake lilikuwa zuri ajabu. Kilikaa pale miezi, na mimi sikufikiri lolote.

Halafu siku moja akaingia citoyen Likenge, yaani raia Likenge, kama tulivyolazimishwa kuitana.

Huyu Likenge alikuwa mkuu wa kuchemsha vyombo vya upasuaji. Alituletea ngoma za chuma zenye nguo safi na makasi, na kazi hiyo aliifanya vizuri, nisimdhulumu. Lakini pia alikuwa katibu wa Chama pale hospitalini, na hapo ndipo hata Docteur Bolamba alipopunguza sauti akipita. Alisimama mlangoni, akatazama dirisha.

"Citoyen Alimasi, ile ni nini pale?"

"Ni kitambaa, citoyen. Ya kuleta giza."

"Weye unaona kitambaa. Miye naona uso." Akanyoosha kidole. "Na ule uso unaangalia nini?"

Niligeuka. Kulikuwa na wazee watatu hawana suruali, wanasubiri. Mmoja alijifunika kwa mikono miwili haraka, kana kwamba ndiyo kwanza ameonekana. Ningekuwa mahali pengine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile sikucheka.

"Nitaandika rapport," Likenge alisema, akaondoka na ngoma yake.

Ninyi mtasema, kitambaa tu. Sikilizeni. Jirani yangu alifungia samaki wa kukaushwa kwenye gazeti, na kwenye gazeti palikuwa na picha ile ile. Watu wa usalama walimchukua majuma mawili. Aliporudi hakusimulia kitu, na hakula samaki tena. Kwa hiyo nilikishusha kitenge mle mle, mbele ya wale wazee, nikakikunja uso ndani, nikakipeleka nyumbani chini ya shati. Sikutafuta blanketi wala gunia la kuweka badala yake. Niliona kwamba nikiweka kitu chochote dirishani, watauliza kilichokuwepo kabla. Nikaamua nitatumia mikono. Mikono yangu ilikuwa na uzoefu, nilijiambia. Woga una maneno mengi mazuri ya kujitetea.

Alhamisi iliyofuata alikuja Musafiri.

Alikuwa kijana wa ng'ambo ya mto, mfunga breki kwenye treni ya Ubundu, kazi ya kuruka kutoka behewa hadi behewa. Familia yao ilitoka Maniema zamani. Alikuja na mama yake, Mama Zaina, na baba mdogo wake, Tonton Kasongo, ambao walibaki nje kwenye benchi na sufuria ya lituma, ndizi za kuponda. Ndoa yake ilikuwa imekaribia, mahari imekwisha kupokelewa. Aliponieleza hilo alitazama ukuta.

"Na uvimbe, tangu lini?" nilimwuliza.

"Miezi sita, papa. Ao saba."

Nilimwangalia. Mfuko wa kulia ulikuwa umejaa, si sana. Nilipoushika ulikuwa laini, unabonyea, na ndani palikuwa na kitu kama minyoo mingi iliyojikunja pamoja. Hili mlijue: vidole vyangu viliniambia. Vilisema wazi, Alimasi, hili si busha. Juu ya ngozi palikuwa na weusi wa kibuluu, nikajisemea labda amechanjwa na mganga. Nilimwambia akohoe, hakukuwa na msukumo. Nikawasha taa, nikaiweka nyuma yake, na jua la saa nne lilikuwa limejaa chumbani kama kawaida. Niliona wekundu. Au niliona nilichotaka kuona. Nje kwenye ukumbi nilisikia hatua, nikafikiri ni Likenge, na nilitaka kumaliza haraka.

Nikachoma chini kidogo, kwa pembeni.

Hayakutoka maji. Ilitoka damu nyeusi, kwanza tone, kisha uzi mzima, ukifuata mrija na kuingia kwenye beseni kwa sauti. Nikauchomoa mrija, kosa la pili, kwa kuwa tundu lilibaki wazi na damu ikapata njia pana. Musafiri akainua kichwa, akaona beseni, akapiga kelele ambayo naisikia nikiandika. Niliweka viganja vyote viwili nikabana. Sikuweza kwenda kuita mtu. Nilikuwa nimebana pale, naita "Docteur! Docteur!" nikiwa nimesimama kama mwizi aliyeshikwa, na damu inapita kati ya vidole. Niliogopa vibaya sana. Nilikuwa na uhakika atafia mikononi mwangu.

Aliyeingia kwanza alikuwa mama yake.

Mnajua desturi. Kwetu mama hawezi kuingia mahali mwanawe mtu mzima amelala uchi, haijalishi kuna nini. Tonton Kasongo alikuwa nyuma yake anamvuta kwa kitambaa cha kichwa, anasema, "Zaina, aibu! Zaina, toka pale!" Lakini yeye alishika mlango kwa mikono miwili, amegeuza uso upande ili asimwone mwanawe, na akapaza sauti kuelekea ukutani:

"Muachieni! Ile hapana ugonjwa ya juzi! Mutoto alizaliwa nayo! Ilikuwa doa ya buluu, kidogo, sawa kidole. Akilia inavimba, akilala inapungua. Tangu tumboni mwangu, papa, tangu tumboni!"

Miezi sita, alisema Musafiri. Ilikuwa miaka ishirini na mitatu. Ningeweza kumwuliza mama yule kabla, kupitia kwa Tonton, kwa adabu, kama tunavyouliza siku zote mambo ya namna hiyo: "Muulize shemeji yako, kijana alikuwaje alipokuwa mdogo?" Swali la nusu dakika. Sikuliuliza. Nilikuwa nasikiliza hatua za ukumbini.

Docteur Bolamba alikuja anakimbia. Hakuniondoa mikono. Aliniambia, "Usichungulie. Bana hadi nikuambie," naye akatazama saa yake. Mtu akikosa subira akachungulia kila dakika, damu inaanza upya. Baada ya robo saa aliniambia nilegeze pole pole. Ilikuwa imesimama. Tukafunga kwa bendeji ya kubana, tukamwinulia mfuko juu ya taulo lililokunjwa, akapewa maji ya mshipani. Ule uvimbe ulianza kupungua, pole pole, kama sponji inayokamuliwa, na Docteur akawa anautazama kwa uso ambao sikuupenda.

"Ni emanjiome," alisema. "Fundo la mishipa ya damu iliyoota vibaya. Si kansa, haimli mtu. Lakini pale mahali ni nadra sana. Nimeiona mara moja tu, nikiwa mwanafunzi, na mwalimu wangu aliidhani busha kama wewe."

Halafu akauliza, na mlangoni wakati huo alikuwa amesimama citoyen Likenge, ameletwa na kelele:

"Ulipima kwa taa? Gizani?"

Nilimtazama Likenge. Likenge alinitazama mimi.

"Ndiyo, Docteur."

"Mwanga ulipita?"

"Ulipita."

Akakuna kidevu. "Basi kuna maji pia, mbele, na hilo fundo liko nyuma au pembeni. Sindano yako ilipita kando ya maji. Sasa damu imemwagika ndani, taa haiwezi kutuambia kitu tena. Nitategemea ulichoona wewe."

Mnaelewa nilichofanya? Sikuwa nimesema uongo wa kujiokoa tu. Nilikuwa nimemchorea mpasuaji ramani isiyo ya kweli.

Siku nne zilizofuata sikuweza kumeza chakula. Docteur aliagiza picha ya eksirei, ikaonyesha vijiwe vidogo, vyeupe, vya mviringo, ndani ya mfuko. Hivyo ni damu iliyokaa na kuganda ndani ya mishipa hadi ikawa mawe. Mkiviona, msifikirie busha. Nilijifunza pia jambo lingine kwa macho: mgonjwa akilala na mfuko ukiinuliwa, uvimbe hupungua, akisimama, hujaa taratibu kutoka chini. Mishipa iliyovimba ya kawaida hujaa zaidi mtu akijikaza tumbo. Hii haikujali sana. Yote hayo ningeyapata bila sindano, kwa mikono mitupu, kwa dakika kumi.

Tungeweza kumwacha na bendeji. Lakini siku ya tatu alipokwenda msalani damu ilianza tena, na Docteur akasema haiwezekani kumrudisha mtu huyu kwenye kuruka mabehewa. Lazima fundo litolewe. Alimweleza Tonton Kasongo nami nikiwa pembeni.

"Docteur," Tonton aliuliza, sauti imekauka, "mutatoa ugonjwa ao mutatoa uzazi?"

"Nitajaribu kutoa fundo tu. Damu ikinishinda, nitatoa na korodani ya upande ule. Ikinishinda zaidi..." Hakumaliza.

"Ya pili itabaki?"

"Ya pili itabaki. Mutu anazaa na moja."

"Ile iko maneno ya docteur. Bakwe wake hawatasema vile. Batasema tumewapa nusu mwanaume."

Damu ya kumwongezea hatukuwa na mahali pa kuichukua ila kwa ndugu. Kwenye maabara walichanganya matone juu ya kigae cheupe. Nilijitolea kwanza mimi, wakachanganya yangu na yake, ikaganda vipande vipande. Damu yangu ilimkataa. Ya Tonton ilikubali. Alitoa chupa moja ameyafumba macho, akimwomba Mungu kwa sauti, na alipomaliza akaomba chai yenye sukari nyingi akapewa.

Kila siku katika hizo nne nilikwenda mlangoni kwa Docteur. Kila siku nilikuta neno la kumwambia nalo halikuwa hilo. Siku moja nilimwuliza kuhusu kompresi, zile shashi za kubania damu. Siku nyingine nilimsalimia tu. Kumwambia kweli kulimaanisha kueleza kwa nini hapakuwa na giza, na kueleza hilo kulimaanisha kusema kitenge, na uso, na miezi uliyokaa pale. Hata ningeuambia ukuta tu, Likenge angesikia. Hivyo ndivyo tulivyoishi, tuliogopa hata pasipo na mtu.

Asubuhi ya upasuaji tulikuwa wanne mle ndani. Docteur, mimi msaidizi wake, citoyen Likenge akifungua ngoma za vyombo, na Musafiri. Docteur alimchoma sindano ya ganzi ya mgongoni, ile inayoua miguu na kuacha kichwa macho. Tuliweka shuka mbele ya kifua chake asione. Lakini alisikia kila kitu.

"Papa Alimasi," aliniita kutoka upande wa pili wa shuka.

"Niko."

"Wakitaka kutoa yote, muniambie kwanza."

"Nitakuambia."

Docteur alipaka dawa. Akachukua kisu, akaweka kidole kwenye ngozi ya mbele ya mfuko, akapima. "Nitaingia hapa mbele," alisema. "Nitatoboa maji kwanza, yatanipa nafasi, kisha nitafuata fundo nyuma. Pensi tayari?"

Nilikuwa nazo mkononi, zile koleo za kubana mishipa. Zilikuwa zinagongana, tiki tiki tiki. Docteur alizitazama, halafu akanitazama mimi. Kisu kilikuwa kimeshagusa ngozi.

"Hakuna maji," nilisema.

"Nini?"

"Docteur, hakuna maji mbele. Usikate pale. Sikupima gizani." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Nilikishusha kitambaa. Kilikuwa kitenge cha Chama, chenye picha, nilikiweka dirishani miezi mingi, citoyen Likenge akakiona, nikaogopa, nikakitoa. Nilipima mchana kweupe. Wekundu niliouona ni wa jua tu. Nilikudanganya. Ni mishipa tu pale mbele, nilihisi kwa vidole, ni mishipa yote."

Nyuma yangu nilisikia kifuniko cha ngoma kikiwekwa chini, taratibu. Likenge alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Jasho lilinitiririka ndani ya barakoa hadi mdomoni. Niliwaza mke wangu atakwenda kwa nani.

Docteur aliinua kisu, akakirudisha kwenye sinia. Akapumua mara mbili au tatu.

"Ningekata hapa," alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo sana, "ningekuwa nimezama kwenye damu kabla ya kuona chochote." Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida: "Bon. Tunapanda juu. Citoyen Likenge, niletee mrija wa mpira ule mwembamba, uliochemshwa. Haraka, tafadhali."

Likenge aliuleta. Mikono yake ilikuwa safi na haikutetemeka.

Sasa hili mlishike, hata kama mna mashine. Docteur aliingilia kinenani, juu, mbali na uvimbe. Alitafuta ile kamba inayoshuka na mishipa kwenda kwenye korodani, akaizungushia mrija wa mpira, akaukaza kidogo na kuubana kwa pensi. Ni kama kufunga bomba kabla ya kutengeneza koki. Halafu ndipo akashuka chini taratibu, akalifuata fundo pembeni mwa ukingo wake, hakuingia katikati hata mara moja. Kila mshipa ulioingia aliubana mara mbili, akakata kati, nami nikafunga uzi. Nilifunga nyuzi ambazo sikuzihesabu.

"Papa Alimasi, bado iko?" Musafiri aliuliza.

"Iko."

Baada ya muda: "Bado iko?"

"Iko, baba. Nyamaza."

Kisha ngozi yenyewe ikaanza kutoa damu. Docteur alikuwa ametuonya: fundo hili linanyweshwa pia kutoka kwenye ngozi ya mfuko, na mrija wa juu hauzuii huko. Ilikuja ghafla, ikafunika kila kitu, na kwa muda hatukuona korodani wala fundo. Docteur alisema, "Bana," nami nikabana kwa kompresi, na safari hii sikuchungulia. Chupa ya damu ya Tonton ilikuwa inashuka tone kwa tone. Mdomo wa Musafiri ulikuwa umekuwa mweupe. Hakuuliza tena.

"Nikikosa hapa, natoa yote," Docteur alisema.

Nikakumbuka nilichomwahidi. "Musafiri," nilisema. "Docteur anasema akikosa hapa, anatoa yote ya upande ule."

"Asikose," alisema.

Docteur akaingiza pensi mbili chini ya kompresi zangu, kwa kuhisi tu, akabana. Nililegeza. Ilikuwa imesimama. Akamaliza upande ule wa mwisho bila kusema neno, akalitoa fundo, akaliweka kwenye bakuli: zambarau, lenye vifundo, kubwa kama yai la bata. Alipolegeza mrija wa juu, tulitazama korodani wote watatu, hata Likenge alisogea. Ilikuwa imepauka. Ikakaa hivyo kitambo. Halafu ikaanza kurudi rangi, ya waridi, kutoka juu kwenda chini.

"Iko?" alisema Musafiri kwa sauti ambayo haikuwa na nguvu.

"Iko," alimjibu Likenge.

Mkidhani huo ndio mwisho wa woga wangu, hamkuishi miaka ile. Citoyen Likenge alimwambia kijana iko, na juma lile lile alipeleka rapport yake. Sikumwelewa siku zile na simwelewi leo. Walikuja watu wawili wa usalama kutoka mjini, wenye adabu, wakaomba viti. Docteur aliwaambia kwamba mpasuaji akifanya kazi hasikii chochote ila hesabu ya kompresi. Kitenge mke wangu alikuwa amekwisha kukipeleka ng'ambo kwa dada yake. Alibaki shahidi mmoja wa maneno yangu, naye alikuwa kitandani na nyuzi. Waliingia wodini, wakafunga mlango, mimi nikakaa kwenye lile benchi la wenye kichwa na kusubiri kuitwa.

Hawakuniita. Walitoka, wakanisalimia, wakaenda zao.

Siku ya kumi ilikuwa ya kutoa nyuzi. Nilimkuta Musafiri ameketi, amejifunika shuka hadi kiunoni, sufuria ya mama yake tupu pembeni. Nilifunga mlango.

"Uliwaambia nini?"

"Nililala. Sikusikia kitu."

"Ile ganzi hailazi mtu. Wangeuliza docteur yeyote."

"Hawakuuliza."

Nilitaka kupiga magoti. Nilianza kusema kitu, nadhani nilikuwa nashukuru na kuomba msamaha, mzee mzima. Akanikatiza kwa mkono.

"Usinishukuru, papa. Hata mi niliogopa. Na kisha, bakikuchukua, nani atatoa hizi nyuzi? Pale chini batu watatu wamekwisha kuniona. Sitaki wa nne."

Akafunua shuka mwenyewe. Jeraha lilikuwa kavu, halina usaha. Nilinawa mikono, nikachukua makasi na pensi, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Zilikuwa nyuzi kumi na moja. Wagonjwa wote, saa ya kutolewa nyuzi pale mahali, hutazama dari. Musafiri hakutazama dari. Alitazama mikono yangu, kutoka uzi wa kwanza hadi wa kumi na moja, hakupepesa, na alikuwa na haki.